Bohari ya Dubai na Wagonjwa wa Afrika

Mfanyabiashara wa Kariakoo anaijua Deira kwa simu, nguo na vipuri vya magari. Hospitali ya kwanza ya kisasa ya Dubai, Al Maktoum, ilifunguliwa katika mtaa huohuo mwaka 1951, miaka 15 kabla mafuta hayajagunduliwa.

Mji huo wa biashara ukageuka ghala la misaada. Mwaka 2003 serikali ya Dubai ilianzisha Mji wa Kimataifa wa Misaada ya Kibinadamu, na mashirika ya Umoja wa Mataifa yakapewa maghala humo. Siri yake ni biashara ileile ya siku zote: bandari ya Jebel Ali upande mmoja, viwanja vya ndege upande wa pili, na forodha isiyochelewesha mzigo.

Umuhimu wa shehena za misaada ulionekana Ebola ilipoenea Guinea, Liberia na Sierra Leone. Ilianzia kijijini Meliandou, Guinea, Desemba 2013; ilipokwisha, zaidi ya watu 11,000 walikuwa wamekufa, wahudumu wa afya zaidi ya 500 wakiwemo. Wauguzi waliwahudumia wagonjwa bila glavu za kutosha wala mavazi ya kujikinga. Ndege ya mizigo inaweza kuleta glavu kwa siku moja. Muuguzi akifa, huchukua miaka kumpata mwingine, na hakuna ghala linalomhifadhi.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani, WHO, likafungua bohari yake Dubai. Ajabu ni kwamba iko chini ya ofisi ya kanda iliyoko Cairo, si ile ya Afrika iliyoko Brazzaville. Hata hivyo, korona ilipoingia, Afrika iliitegemea sana. Katikati ya Aprili 2020, shehena iliyotoka Dubai ilifika Addis Ababa ikiwa na barakoa zaidi ya milioni moja, mashine za kupumulia na vifaa vya kujikinga, ikaanza kugawiwa nchi za bara zima. Wakati huo mataifa tajiri yalikuwa yakizuia barakoa zao zisitoke nje.

Somo la kutotegemea ghala la mbali halikuhitaji mwalimu. Julai 2022 Rais Uhuru Kenyatta aliweka jiwe la msingi la kituo cha dharura cha WHO katika eneo la hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, Nairobi. Dakar nayo ikapangiwa kituo chake, ili Afrika Magharibi isisubiri tena ndege kutoka Ghuba.

Miezi miwili baadaye Uganda ilitangaza Ebola wilayani Mubende. WHO ilitoa vifaa katika akiba yake na kupeleka hema la kuwatenga wagonjwa. Lakini virusi hivyo vilikuwa vya aina ya Sudan, ambavyo havikuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Mlipuko ulipotangazwa kumalizika Januari 2023, wahudumu wa afya 19 walikuwa wameambukizwa, na 7 kati yao walikuwa wamekufa.