Baiskeli Zilikuwapo Kabla ya Lami

Juzi nilikuwa nimesimama kando ya barabara hapa mjini Mpanda. Akapita mzee mmoja, baiskeli yake imepakiwa magunia mawili ya mkaa. Lori likampigia honi kwa nyuma, mzee akashtuka, akatumbukia mtaroni yeye na mkaa wake. Tulimwinua, tukamwokotea mkaa. Lakini mmoja wa waliomwinua akamkemea: "Mzee, barabara ni ya magari!"

Nimelala na neno hilo siku tatu. Ni nani aliyesema hivyo, na lini?

Reli ya kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950. Ilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi ya Mukwamba. Mgodi ukafungwa mwaka 1960, reli ikabaki. Lakini treni hushusha mzigo stesheni, haifiki mlangoni kwa mtu. Kutoka stesheni kwenda majumbani, na kutoka mashambani kuja sokoni, kazi hiyo ilikuwa ya kichwa cha mama na keria ya baiskeli. Hata Katumba, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1972 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi, mahindi na mihogo yake mingi imefika mjini kwa magurudumu mawili.

Siku hizo mwenye baiskeli hakuchekwa. Mwalimu alikuwa nayo, bwana shamba alikuwa nayo. Taifa lilikuwa na kiwanda chake Dar es Salaam, NABICO, kikitoa baiskeli za Swala. Na mafuta yalipokuwa adimu, hata magari binafsi yakapigwa marufuku kutembea Jumapili alasiri, Swala haikuuliza petroli.

Basi ugomvi ulianza lini? Nadiriki kusema ulianza na lami. Zamani mashimo ndiyo yaliyokuwa trafiki wetu. Gari lilijikongoja, baiskeli ikajikongoja, wakasalimiana. Leo lami imefika; barabara ya Tabora hadi Mpanda ilizinduliwa mwaka 2022, nasi tuliishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini lami imempa mmoja mbio na mwingine imemwacha na mwendo wake wa jana. Hatari iko katika tofauti hiyo ya mwendo.

Wapo wasemao tusihangaike, baiskeli zinakufa zenyewe, bodaboda zimechukua nafasi. Hao nawakumbusha kwamba neno lenyewe bodaboda lilizaliwa mpakani Busia, na chombo kilichoitwa hivyo kilikuwa baiskeli. Tena Waholanzi, tunaowasifu leo kwa baiskeli zao, nao waliwahi kuyaachia magari miji yao. Mwaka 1971 watu wapatao 3,300 walikufa barabarani kwao, zaidi ya 400 wakiwa watoto. Wazazi wakaingia mitaani kudai, ndipo njia za baiskeli zikaanza kujengwa kwa wingi.

Wala si mambo ya Ulaya tu. Katika miaka ya 1990 Morogoro na Temeke zilifanyiwa majaribio ya kuwatengenezea njia waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Na mabasi yaendayo haraka yalipoanza Dar es Salaam mwaka 2016, barabara yake ilijengwa pamoja na njia ya baiskeli. Ukipita huko utakuta sehemu nyingine pikipiki zimeegeshwa na meza za biashara zimepangwa. Kwa hiyo kujenga peke yake hakutoshi, lazima na kulinda.

Ombi langu kwa wanaochora barabara za Mpanda ni dogo. Kabla ya kumwaga lami, muwatengee wenye baiskeli kipande chao, mkitenge kwa ukingo ambao gari haliwezi kuuparamia. Kuja kubomoa maduka baadaye ni ghali zaidi. Mji wetu bado una nafasi, na samaki mkunje angali mbichi.

Mkaa uliovunjika siku ile niliununua mimi. Yule aliyemkemea mzee naye akachukua debe moja, akaondoka nalo kwenda kupika. Sijui kama alijiuliza ungefikaje jikoni kwake.

Hadi wiki ijayo, nawatakia safari njema.