Stika ya "Ukifungua, Waranti Imekwisha" Ilitoka Wapi?

Juzi jirani aliniletea laptopu yake niiongezee memori. Nilipoigeuza nikakuta stika ndogo juu ya skrubu moja: ukiitoa, waranti imekwisha. Jirani akanizuia. "Wacha tu, nitavumilia hivyo hivyo." Laptopu ni yake, pesa alilipa yeye, lakini anaogopa kijikaratasi. Basi leo tuangalie hofu hii ilianza vipi.

Zamani kompyuta ziliundwa zifunguliwe. Apple II ya mwaka 1977 ilikuwa na kifuniko cha kutoa kwa mikono mitupu, na ndani nafasi 8 za kuchomekea kadi. IBM ilipotoa PC yake mwaka 1981 iliweka nafasi 5, tena ikauza kitabu chenye michoro ya saketi zake. Makampuni mengine yakatengeneza kadi za kujaza nafasi hizo, na hilo likaisaidia sana PC kuenea.

Mwaka 1984 mambo yakabadilika. Macintosh ya kwanza ilikuja na memori ya kilobaiti 128 tu, bila nafasi hata moja ya kadi, na skrubu zake zilihitaji bisibisi ndefu yenye ncha ya nyota. Cha kuchekesha ni kwamba sahihi za walioiunda zilichongwa ndani ya kasha, mahali ambapo mnunuzi hakutarajiwa kufika!

Hata hivyo, sheria ilikuwa imetangulia. Mwaka 1975 Marekani ilipitisha sheria ya Magnuson-Moss, iliyopewa majina ya seneta Warren Magnuson na mbunge John Moss. Inakataza kampuni kukuambia kwamba waranti itadumu tu ukitumia vipuri vyake au fundi wake, isipokuwa ikupe huduma hiyo bure au ipate kibali maalum. Lakini haimlindi mharibifu: ukiunguza bodi kwa kuchomea vibaya, gharama ni yako. Ila ni kampuni inayopaswa kuonyesha kwamba kazi yako ndiyo iliyoleta hitilafu. Kufungua peke yake si kosa.

Stika ziliendelea kubandikwa hata hivyo. Ndipo mwezi Aprili 2018 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikayaandikia makampuni 6 barua za onyo, yakiwemo Sony, Microsoft, Nintendo na ASUS. Mwezi Julai 2024 ikaandika tena, safari hii Gigabyte, ASRock na Zotac wakionywa kuhusu stika hizo hizo. Yaani miaka 49 baada ya sheria, kijikaratasi bado kilikuwa kinatisha watu.

Sasa tusidanganyane: sheria ya Marekani haikufuati mpaka duka la Nairobi. Hapa kwetu soma karatasi yako ya waranti neno kwa neno. Kabla ya kufungua, muulize muuzaji akujibu kwa maandishi, piga picha hali ya mashine, na utunze memori uliyoitoa. Ikija kuharibika skrini, utakuwa na la kujibu ukiambiwa ni memori.

Jirani yangu ameshamwandikia muuzaji. Tunasubiri jibu, bisibisi iko mezani. Je, wewe stika imewahi kukuzuia? Tuambie. Hadi wakati mwingine, kwaherini.