Moto wa Kariokor: Jinsi Tulivyowaaga Wazee Wetu



Katika kitabu hiki cha ukumbusho mtasoma habari za jiwe la msingi, za wafadhili na za sherehe. Sisi tumeombwa kuandika juu ya jambo lisilopigwa picha, nalo ni namna jumuiya yetu ilivyowaaga wafu wake katika nchi hii. Majirani hutuuliza, mara nyingi kwa haya, kwa nini Wahindu huchoma maiti. Siku hizi hata vijana wetu wenyewe huuliza.

Jibu la kwanza ni la dini. Maisha ya Mhindu hupitia ibada 16, kuanzia kabla hajazaliwa, na ya mwisho huitwa antyeshti, yaani sadaka ya mwisho. Mwili wenyewe ndio unaotolewa kwa Agni, moto, ili roho iendelee na safari yake. Wala si kila maiti huchomwa: watoto wachanga, na watawa walioiacha dunia, huzikwa hata kwetu.

Jibu la pili ni la historia. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, wengi wao Wapunjabi, na karibu 2,500 wakafa. Walikuwamo Waislamu, Masingasinga na Wahindu. Wagujarati wengi waliifuata reli hiyo na maduka yao, wakiwa wametoka Kachchh na Kathiawar kwa majahazi. Mhindu aliyefia porini hakuwa na maharaj wa kumsomea mantra, wala mwana wa kumwashia moto. Kwa jumuiya ndogo ya wageni, basi, kiwanja cha kuchomea maiti hakikuwa anasa. Kilihitajika sawa na shule na mahali pa kusalia.

Jijini Nairobi, kiwanja kinachojulikana kuliko vyote ni cha Kariokor. Jina hilo lilitokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, Carrier Corps, ambamo Waafrika makumi ya maelfu walikufa, wengi bila kaburi linalojulikana. Ni ajabu kwamba moto wetu wa kuwaaga wafu unawaka mahali penye jina la watu wasioagwa.

Sisi tuliozaliwa karibu na mwaka wa Uhuru tunaukumbuka utaratibu wa zamani. Mwili huoshwa na kuvikwa nguo safi. Tone la maji ya Ganga na jani la tulsi, jamaa ya mrihani, hutiwa kinywani. Marehemu hulazwa juu ya machela ya mianzi, wanaume wakaibeba mabegani huku wakilitaja jina la Ram. Wanawake walibaki nyumbani. Kuni, mamia ya kilo, zilipangwa na watu waliojua kazi hiyo, maana kuni zilizopangwa vibaya ni aibu kwa ukoo mzima. Mwana mkubwa alizunguka na chungu cha maji, akakivunja, kisha akawasha. Samli ilimiminwa ili moto ushike. Baadaye ilikuja besnu, ambayo ndiyo matanga yetu: watu huketi pamoja kwa bhajan na sala, na maombolezo huendelea hadi siku ya 12 au ya 13.

Yote haya yalitendeka siku ileile ya kifo au kesho yake. Majirani zetu Waafrika, waliozoea kungoja jamaa kutoka mashambani na kuchangishana fedha za mazishi, waliona kwamba tuna haraka isiyo na heshima. Leo sisi nasi twangoja, kwa kuwa watoto wetu wako Leicester na Toronto, na ndege haziji kwa haraka ya huzuni.

Majirani nao wamebadilika. Mwaka 1996, waziri wa zamani Peter Okondo alipochomwa, wengi walishangaa. Mwaka 2002 Askofu Mkuu wa zamani wa Kianglikana, Manasses Kuria, alikubali mwili wa mkewe Mary uchomwe, na yeye mwenyewe akafuata njia hiyo mwaka 2005. Oktoba 2011 aliletwa Kariokor Profesa Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya 2004, ndani ya jeneza la mianzi, mafunjo na magugu-maji, kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Wapo wanaotusifu tangu siku hiyo kwamba desturi yetu huokoa miti. Kwa haki tuseme kwamba moto wa kuni hula miti mingi kuliko jeneza. Kinachookolewa ni ardhi.

Majivu nayo yana historia yake. Waliojaliwa uwezo huyapeleka Haridwar, au Damodar Kund kule Junagadh. Lakini mwaka 1948 sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ilitiwa katika Mto Nile pale Jinja, Uganda, na tangu hapo hakuna anayeweza kusema kwamba mito ya Afrika haifai.

Linalotutia wasiwasi sasa ni jambo moja. Ni nani atakayewasha moto? Katika nyumba nyingi za rika letu, mwana hayupo nchini, na binti ndiye aliyemuuguza mzazi hadi mwisho. Tumewaona mabinti wakiwasha moto kwa mikono thabiti, na tumewaona wajomba wakiwazuia mbele ya maiti. Sisi twaona binti ana haki, lakini lango la Kariokor si mahali pa kulijadili.

Na yeyote anayedhani kwamba neno lake la mdomo latosha, aikumbuke kesi ya wakili S. M. Otieno. Mjane wake, Wambui, alieleza mahakamani kwamba mumewe alitaka kuzikwa Matasia. Mwaka 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo haki, naye akazikwa Nyalgunga, miezi mitano baada ya kufa.

Kwa hiyo twaomba kila nyumba iandike mambo machache wakati wazee wangali na afya: kuni au tanuri, nani awashe, siku ngapi kungoja walio ng'ambo, majivu yaende mto gani, na besnu ifanyike hapa hekaluni au nyumbani. Isomwe mbele ya watoto wote, na wajomba wawepo. Kisha karatasi hiyo ikae pamoja na hati za nyumba, na nakala yake apewe mtu anayeishi Nairobi, si yule aliye Leicester.