Kibali cha Kujenga Bofu

Mimi ni mwashi. Nimejenga Bofu, mtaa wa Likoni, Mombasa, tangu enzi za fito na udongo, na mteja akinijia, kabla ya kutaja bei humuuliza: umeshamwona mwenye ardhi? Nyumba ya Kiswahili, yenye korido katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma na baraza mbele, ilisimama kwa idhini ya mtu mmoja. Nyumba ni yako, ardhi ni yake, nawe unamlipa kodi ya kiwanja. Udongo na makuti hakatazi. Ukitaka kupandisha mawe ndipo anapogoma, kwa kuwa aliyejenga kwa mawe hang'oki kwa urahisi.

Huku Likoni, kwa miaka mingi, neno la mwenye ardhi ndilo lililokuwa sheria ya ujenzi.

Kutenganisha ardhi na kilicho juu yake hakukuwa jambo geni kwetu. Kwa Wadigo, aliyefyeka pori ndiye mwenye mahali, na mnazi ni wa aliyeupanda, hata kama ardhi ni ya mwingine. Mnazi uliweza kuwekwa rehani peke yake. Watu waliishi hivyo wakaelewana. Karatasi ndiyo iliyovuruga. Mwaka 1895 Waingereza walishika utawala wa ukanda wa maili 10 wa Sultani wa Zanzibar, na mwaka 1908 wakatunga sheria ya hati: kila mwenye dai la ardhi alifikishe kwa msajili. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Waliojua njia ya ofisini walidai. Wengi waliokuwa wakilima na kuzika wazee wao hapo hapo hawakudai, na wajukuu wao wakajikuta maskwota katika makonde ya babu zao. Hilo bado linaniuma.

Kisiwani Mombasa, mipango ya mji ilichorwa miaka ya 1920; barabara pana zikapasuliwa, na wengi waliovunjiwa nyumba wakahamia Majengo, nako wakajenga kwenye viwanja vya kukodi. Ng'ambo hii tulikuwa na minazi na mikorosho, na feri tangu 1937.

Matokeo ya nyumba kuwa ya mmoja na ardhi ya mwingine tumeyaona kwa macho. Shamba la Waitiki hapa Likoni, ekari 930, lilivamiwa mwaka 1997 wakati wa machafuko ya huku Likoni. Serikali ililinunua kwa shilingi bilioni 1.1, na hati zikaanza kutolewa Januari 2016. Nyumba zilikuwa zimetangulia. Ukitaka kupitisha barabara au bomba la maji taka mahali palipokwisha kujengwa, lazima ukate chumba cha mtu.

Sasa tuna sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019. Hakuna kujenga wala kugeuza matumizi, kwa mfano makazi kuwa ghala, bila kibali cha kaunti. Kaunti ina siku 60 za kujibu. Ikinyamaza, kibali kinahesabiwa kimetolewa. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 14 za kukata rufaa mbele ya kamati ya usuluhishi ya kaunti, kisha Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kwangu hii ni sheria nzuri. Jirani ana pa kusemea, hata kama hana ukoo na mwenye ardhi.

Lakini fomu ya maombi huambatishwa hati ya umiliki wa ardhi. Mwenye nyumba bila ardhi ataambatisha nini? Risiti ya kodi ya kiwanja? Basi anajenga Jumamosi na Jumapili, maofisa wakiwa kwao, bila ramani wala mkaguzi wa msingi. Kazi za namna hiyo nimeziona nyingi, na kuta zake nazijua zilipopasuka.

Ndugu zangu wa Bofu, tangazo la kugeuza matumizi likibandikwa kwenye kiwanja cha jirani, lisomeni siku hiyo hiyo na mpeleke pingamizi kwa maandishi. Muda wa pingamizi haukawii kwisha. Na kaunti ya Mombasa ifungue daftari la nyumba bila ardhi, ili mwenye nyumba aombe kibali kwa jina lake mwenyewe.