Mtoto Kurudishwa Nyumbani kwa Pesa: Sheria Yasemaje?

Juzi binti wa jirani yangu alirudishwa nyumbani saa tatu asubuhi kwa kukosa shilingi mia mbili za mtihani. Nikamwambia mamake arudi naye.

Kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 chakataza shule ya umma kutoza karo ya masomo. Malipo mengine yaweza kuwekwa kwa idhini ya Waziri wa Elimu, lakini mtoto hazuiwi kusoma kwa kushindwa kuyalipa. Tena anayepokea pesa lazima atoe risiti rasmi, si kuandika jina daftarini tu. Hapo kwenye risiti ndipo sisi wazazi tunapolegea.

Mama hakugombana na mtu. Aliuliza risiti. Kufikia adhuhuri mtoto alikuwa darasani.