Namba ya Mkulima katika Daftari za Chai ya Kebirigo

Chai ya Kebirigo, katika kaunti ya Nyamira, huchumwa kwenye mashamba madogo, hupimwa kituoni, husindikwa kiwandani, na malipo yake hushughulikiwa na KTDA, wakala wa chai ya wakulima wadogo, yenye makao makuu Nairobi. Kila hatua ina kumbukumbu zake. KTDA ilipoundwa mwaka 1964, ikirithi mamlaka iliyoanzishwa mwaka 1960, ilirithi pia kazi ngumu ya kuzifanya kumbukumbu hizo zikubaliane.

Kilichoziunganisha ni namba ya mkulima. Majina hayangetosha katika nchi hii ya Wagusii, ambako akina Moraa na akina Nyakundi wamejaa kila kilima. Namba hiyo ilibeba kilo za kila siku na pia deni la mbolea, ambalo hukatwa kwenye malipo. Tarakimu moja ikikosewa, kilo huhamia kwa jirani na deni likabaki pale pale.

Jumla ya kituo ililinganishwa na uzito uliopokelewa kiwandani. Ulinganisho huo ulifichua majani yaliyopotea njiani, lakini kilo zilizoandikiwa mtu asiyestahili haukuziona kamwe, kwa kuwa jumla ilibaki sawa. Kinga dhidi ya kosa hilo ilikuwa risiti mkononi mwa mkulima, na wengi walizihifadhi kwa miezi. Huo ulikuwa ukaguzi uliofanywa bila mshahara.

Kuunganisha kumbukumbu kwa namba moja ni wazo lililoingia pia kwenye kompyuta: mwaka 1970 Edgar Codd wa kampuni ya IBM alieleza jinsi ya kupanga data katika majedwali yanayohusishwa kwa thamani zinazofanana. Programu zilizotokana na wazo hilo huweza kukataa kilo za namba isiyosajiliwa, mradi majedwali yote yamo katika hifadhidata moja. Yakitenganishwa kwenye mafaili mbalimbali, kwa kawaida ulinzi huo hukomea mpakani, na kazi ya kulinganisha hurudi kwa makarani.

Huko kwenye chai, ubinafsishaji wa KTDA mwaka 2000 uliongeza umuhimu wa daftari jingine, la hisa za wakulima katika kampuni za viwanda. Daftari la kilo hubadilika kila siku ya kuchuma. La hisa hubadilika kwa urithi au mauzo. Mizani ya kielektroniki iliyokuja baadaye ilipunguza kunakili kwa mkono, ila haiwezi kujua kwamba mwenye namba amefariki na wanawe wamegawana shamba. Kwa hiyo kijana huweza kuendelea kupeleka majani kwa namba ya baba yake, na tofauti kati ya daftari na hali halisi kujitokeza baada ya hesabu za mwaka kufungwa mwezi Juni, bonasi inapolipwa.