Kutoka Mulago hadi Kiini cha Seli: Limfoma ya Burkitt katika Historia ya Udhibiti wa Jeni

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia namna ugonjwa wa watoto uliobainishwa nchini Uganda ulivyochangia kueleweka kwa jinsi protini za virusi zinavyoziamrisha jeni za binadamu. Hoja inayojengwa ni kwamba virusi vya Epstein-Barr havibuni amri mpya ndani ya seli, bali huiga ishara ambazo seli inazo tayari. Inaonyeshwa pia kwamba historia hiyo inadai sera za saratani na za malaria zipangwe kwa pamoja.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa na mwenzake, Hugh Trowell, amwangalie mtoto aliyevimba taya pande zote. Muda mfupi baadaye alimkuta Jinja mtoto mwingine mwenye hali hiyohiyo. Mwaka 1958 alichapisha maelezo ya wagonjwa 38. Mwishoni mwa 1961, yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari takribani maili 10,000 kuelekea kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Ramani iliyotokana na safari hiyo ilionyesha kwamba ugonjwa uliandama maeneo ya joto na mvua, ukaadimika katika nyanda za juu zenye baridi. Ikadhaniwa kwamba mdudu fulani alikuwa akieneza virusi. Dhana hiyo, kama itakavyoonekana, ilikuwa nusu ya ukweli.

2.0 Virusi Vilivyopatikana Kila Mahali

Machi 1961, Burkitt alitoa mhadhara jijini London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwapo Michael Epstein. Tangu hapo vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964, Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad, walitangaza kwamba hadubini ya elektroni imeonyesha virusi vya jamii ya hepesi ndani ya seli za uvimbe huo.

Ugunduzi huo ulizaa tatizo jipya. Uchunguzi wa kingamwili uliofanywa na Werner na Gertrude Henle huko Philadelphia ulibainisha kwamba watu wengi mno, hata katika nchi zisizo na ugonjwa huo, wamekwisha kuambukizwa. Ikiwa virusi viko kila mahali, kwa nini saratani isiwe kila mahali?

3.0 Ishara Zilizoigwa

Jibu lilihitaji kueleweka kwanza kwa mwenendo wa seli B, ambazo ndizo makazi ya virusi hivi. Seli B haigawanyiki bila idhini. Seli nyingine ya kinga hukigusa kipokezi kiitwacho CD40 juu ya utando wake. Protini za ndani hupokezana ujumbe. Kisha NF-κB, protini iliyoelezwa mwaka 1986 na Ranjan Sen na David Baltimore, huachiliwa na kuingia kwenye kiini, ambako huwasha jeni za uhai na za kuzaliana. Ishara ikikoma, jeni hizo hutulia.

Protini ya virusi iitwayo LMP1 huiga CD40, ila haingoji kuguswa. Hujikusanya yenyewe kwenye utando na kutuma ujumbe mfululizo, mithili ya kengele ya mlango iliyokwama. EBNA2 nayo hufanya kazi ndani ya kiini. Haiishiki DNA moja kwa moja, bali huegemea protini ya seli ambayo kwa kawaida hutumiwa na njia ya ishara ya Notch, na kwa njia hiyo huiamsha jeni ya MYC inayochochea ukuaji. Kwa watu wengi hali hiyo ni ya muda: kinga huzidhibiti seli zilizoambukizwa, na virusi hujificha maisha yote bila madhara.

Ajabu ni kwamba katika uvimbe wa Burkitt wenyewe, LMP1 na EBNA2 kwa kawaida hazipo. Hubaki EBNA1, ambayo kazi yake kuu ni kuihifadhi DNA ya virusi seli inapogawanyika. Fumbo hilo lilianza kufumbuliwa mwaka 1982, ilipodhihirika kwamba MYC huwa imehama kutoka kromosomu ya 8, mara nyingi hadi ya 14, na kuwekwa jirani na jeni za kingamwili ambazo katika seli B haziko kimya. Amri iliyokuwa ya muda ikageuka kuwa ya kudumu.

4.0 Nafasi ya Malaria

Malaria ya mara kwa mara huzichochea seli B na kudhoofisha ulinzi dhidi ya virusi. Aidha, huamsha kimeng'enya kinachosababisha DNA ikatike seli zinaporekebisha kingamwili, na mkato huo unaweza kuihamisha MYC. Mbu alihusika kweli, lakini alibeba vimelea vya malaria, si virusi vya saratani.

Ushahidi wa nyanjani ulitoka katika ukanda huuhuu. Katika wilaya ya West Nile, Uganda, watoto wapatao 42,000 walichukuliwa damu katika miaka ya 1970. Waliougua baadaye walikuwa na kingamwili nyingi za virusi hata kabla ya uvimbe kutokea. Mara Kaskazini, Tanzania, watoto waligawiwa klorokwini kati ya 1977 na 1982. Wagonjwa walipungua, lakini upungufu ulikuwa umeanza kabla ya dawa, hivyo jaribio halikutoa uthibitisho uliotarajiwa.

5.0 Hitimisho

Historia hii inabeba mafunzo mawili. Kwanza, chanzo cha saratani kinaweza kuwa mfuatano wa matukio, na kukata kiungo kimoja kuna manufaa: mpango wa malaria unastahili kuhesabiwa pia kuwa kinga ya saratani ya watoto. Pili, tangu kituo cha tiba kilipoanzishwa Mulago mwaka 1967, imeonekana kwamba uvimbe huu husikia dawa ukiwahiwa. Sampuli zilisafiri hadi London kwa saa chache. Mtoto wa kijijini hadi leo huweza kuchukua wiki nyingi kuifikia hospitali yenye tiba. Umbali huo haupunguzwi na elimu ya jeni pekee. Unahitaji uamuzi wa kisera.